Stesheneri ya njia ya Mwaloni: mahali pa kuchapia ratiba ya mazishi, karatasi za mirathi na barua za madai

Anayetafuta mahali pa kuchapisha karatasi jijini Mwanza kwa kawaida huelekezwa mjini kati, Makoroboi au mitaa ya jirani na Soko Kuu, ambako maduka ya kazi hiyo yamebanana na bei hushindaniwa mlango kwa mlango. Mimi ninapendekeza duka moja dogo la Kirumba, lililo kwenye njia inayoshuka kutoka Barabara ya Makongoro kuelekea soko la samaki la Mwaloni. Juu ya mlango wake hakuna jina, ila maandishi ya buluu yasemayo "Stesheneri, Fotokopi, Picha za Pasipoti, Lamineshi", na wenyeji huliita stesheneri ya njia ya Mwaloni. Ninaliandikia kwa kirefu kwa sababu karatasi zote nzito za nyumba yangu za miaka ya karibuni zimepita juu ya kaunta yake: kadi za mchango wa harusi ya binti yangu, ratiba ya mazishi ya mume wangu, maombi ya mirathi, na sasa barua na mabango ya kikundi cha wanawake wazee ambacho nimekitumikia tangu nilipostaafu ualimu. Duka linaloweza kazi hizo zote bila kumharakisha wala kumdharau mteja mwenye mvi linastahili kuelezwa kwa wengine.

Duka lenyewe ni chumba kimoja chenye kompyuta mbili, mashine kubwa ya fotokopi, printa ya rangi, mashine ya lamineshi na kitambaa cha buluu kilichotundikwa ukutani kwa ajili ya picha za pasipoti. Mwenyewe ni mama wa makamo, anayesaidiwa na vijana wawili, wa kiume anayepiga picha na wa kike ambaye ndiye mchapaji. Asubuhi wateja wake wengi ni wafanyabiashara wa dagaa wanaotoa nakala za vibali vya mizigo inayokwenda Burundi na Kongo, na wale wanaochapisha vitabu vya risiti. Mchana huja wanafunzi na walimu wenye mitihani ya kudurufu. Jioni huja kamati za harusi. Kadi za mchango za binti yangu zilichapwa hapo, zikatoka safi na kwa wakati, na juu ya kazi hiyo sina la kuongeza.

Kipimo halisi cha duka kilikuja siku ya msiba. Mume wangu alikuwa fundi wa mitumbwi na boti za mbao, kazi aliyoifanya ufukweni tangu ujana wake. Alifariki hospitalini alfajiri, na kabla ya adhuhuri turubai lilikuwa limeshafungwa, uwanja umejaa, na wajomba wameanza kuuliza mazishi ni lini na nani atasoma wasifu wa marehemu. Asiyewahi kufiwa anaweza kudhani ratiba ya mazishi ni karatasi ndogo ya kuwasaidia watu wajue saa ya ibada. Katika ukoo mpana karatasi ile huamua nani ametambuliwa na nani amesahauliwa: nani anaweka shada la kwanza, dada wa marehemu waliovuka ziwa kutoka Ukerewe wametajwa kabla au baada ya nani, mjane ameandikwa kama mke au amefichwa ndani ya maneno "familia ya marehemu". Nimehudhuria misiba ambayo ugomvi wake ulianzia kwenye karatasi hiyo na haujaisha hadi leo.

Mimi nilikuwa ndani, kwenye mkeka, kama mila inavyotaka. Aliyekwenda Kirumba na maandishi ya mkono alikuwa shemeji yangu mkubwa pamoja na mwanangu wa kwanza. Wasifu ulisema kwamba marehemu alijaliwa watoto watano, lakini majina yaliyoorodheshwa chini yake yalikuwa manne. Mchapaji aliacha kuchapa, akamwambia shemeji, "Samahani baba, hapa mmeandika watoto watano na majina ni manne. Nimwandike nani wa tano?" Mwanangu alinipigia simu. Wa tano alikuwa mtoto wetu wa pili, aliyeishi miezi michache tu, ambaye jina lake halikuwa limetamkwa na mtu yeyote katika nyumba yetu kwa miaka mingi. Nililitaja kwenye simu mbele ya wanawake waliokuwa wamekaa nami, na mchapaji akauliza kama aliweke mahali pake pa kuzaliwa au mwishoni. Liliwekwa mahali pake, la pili kutoka juu. Ninajua maduka ambayo yangechapa tano na majina manne vilevile yalivyoletwa, na hakuna ambaye angeyalaumu, kwa sababu mchapaji hulipwa achape alichopewa. Huyu aliisoma kazi aliyopewa.

Siwezi kusema hivyo juu ya picha. Picha ya marehemu ya kuwekwa kwenye jeneza ilitolewa kwenye simu ya binti yangu, na kijana wa picha aliisafisha kwa programu ya kompyuta mpaka akafuta mikunjo yote ya uso, akaifanya ngozi kuwa nyeupe, na akaondoa kovu la juu ya nyusi ambalo mume wangu alilipata kwa tezo akichonga mtumbwi. Binti yangu alipoifunua pale nyumbani alisema, "Huyu si baba," akaigeuza ukutani. Tabia hii ya kuwang'arisha marehemu imeenea katika studio nyingi za jiji, na ninaiona kuwa kosa kubwa, kwa maana picha hiyo ndiyo itakayotundikwa sebuleni na ndiyo wajukuu watakayoonyeshwa. Tuliirudisha. Ilichapwa upya siku hiyohiyo bila malipo, na mwenye duka aliileta mwenyewe ikiwa kwenye fremu, akaomba radhi, akavua viatu na kukaa na wanawake kwenye mkeka hadi sala ya jioni. Tangu siku hiyo, kila mteja wa picha ya msiba huulizwa kwanza kama anataka uso uguswe au uachwe ulivyo. Ninawashauri wasomaji wajibu kwamba uachwe ulivyo.

Baada ya matanga ndipo karatasi huwa nyingi kuliko machozi, na hapa ndipo duka hili limeyapita mengine yote niliyowahi kuyatumia. Wengi wetu hatujui kwamba kibali cha mazishi kinachotolewa hospitalini si cheti cha kifo. Cheti hutolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, na bila cheti hicho huwezi kwenda benki, kwenye mfuko wa pensheni wala mahakamani. Anayetaka kusimamia mirathi katika Mahakama ya Mwanzo, ambayo husikiliza mirathi inayofuata mila au sheria ya Kiislamu, kwa kawaida huombwa pia muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza, wenye majina na sahihi za waliohudhuria. Akishateuliwa, anatakiwa ndani ya miezi minne kuirejeshea mahakama Fomu Namba V yenye orodha ya mali na madeni, isipokuwa kama mahakama imemwongezea muda, na baadaye, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga, Fomu Namba VI yenye hesabu ya mali iliyopokelewa na jinsi ilivyotumika na kugawanywa. Wasimamizi wengi hufurahia kuteuliwa na kuzisahau fomu hizo mbili, na hapo ndipo mali ya mjane na watoto huliwa polepole bila hesabu kuulizwa.

Mchapaji wa Kirumba hakusomea sheria na hajifanyi mwanasheria. Alichonacho ni utaratibu ambao ningependa kila stesheneri iwe nao. Huomba karatasi zako zote kabla hajagusa kibao, huziweka mezani kwa mstari, kisha hukusomea kwa sauti ya chini kila jina na kila tarehe kutoka kila karatasi. Kwa njia hiyo aligundua kwamba jina la ukoo la mume wangu liliandikwa kwa herufi moja tofauti kwenye kitambulisho cha Taifa na kwenye cheti chetu cha ndoa, na kwamba hati ya kiwanja ilifuata cheti cha ndoa. Herufi hiyo moja ingenirudisha nyumbani kutoka mahakamani. Alinieleza kwamba watu wenye tatizo hilo huapa mbele ya wakili au kamishna mwingine wa viapo kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja, akanionyesha ofisi tatu za mawakili zilizo karibu bila kunisukuma kwenda kwa mmojawapo, na akakataa kunichapia kiapo kabla sijamwona wakili. Kukataa kwake kulikuwa sahihi. Kuna vibanda vinavyouza viapo vilivyokwisha kugongwa muhuri, na wajane wamepoteza mashauri kwa sababu ya karatasi za namna hiyo.

Lawama yangu kubwa kwa duka hili inahusu siri. Wakati ule skrini ya kompyuta ya mchapaji ilitazama benchi la wateja, hivyo aliyekaa kusubiri fotokopi aliweza kusoma kila kilichochapwa. Orodha ya mali yetu, yaani nyumba, kiwanja cha Buswelu, mashine mbili za boti na fedha za benki, ilisomwa na mtu aliyekuwa anasubiri zamu, na kabla ya jua kutua ilikuwa imewafikia ndugu wa mume wangu ikiwa imeongezwa chumvi. Kikao kilichofuata kilikuwa kigumu. Shemeji yangu mdogo alisimama na kusema kwamba mwanamke hurithiwa, harithi, na kwamba kwa mila za Kisukuma kazi yangu ni kutunzwa na watoto wangu.

Maneno hayo yaliniumiza, lakini hakuyatunga yeye. Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963, linalotumika kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, linasema kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake, na kwamba fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama alivyowatunza wao. Linawaweka watoto wa kike katika daraja la tatu, nyuma ya mtoto wa kiume wa kwanza na nyuma ya ndugu zake wa kiume. Nilifundisha uraia darasani kwa miaka mingi, nikawafundisha watoto wa watu Ibara ya 13 ya Katiba inayokataza ubaguzi na Ibara ya 24 inayolinda haki ya kumiliki mali, na hakuna siku niliyosimama mbele yao na tangazo la 1963 mkononi. Nililisoma kwa mara ya kwanza nikiwa mjane, kwenye nakala niliyodurufiwa katika duka hilohilo.

Nilimweleza mwenye duka juu ya skrini, naye hakubishana. Meza iligeuzwa ikaelekea ukuta, na kwa karatasi za mirathi, talaka na hospitali mteja sasa hukaa kwenye stuli pembeni ya mchapaji, wengine wakisubiri upande wa pili wa pazia. Jambo hilo ninalihesabu kama sifa kubwa, kwani nimelalamika katika ofisi nyingi maishani mwangu na ni chache zilizobadilisha hata mahali pa kiti. Kasoro iliyobaki ni mafaili: kazi za wateja wote zimehifadhiwa kwenye kompyuta moja bila neno la siri. Hifadhi hiyo iliwahi kunifaa, kwa sababu mahakama ilipohitaji nakala nyingine ya muhtasari wetu wa ukoo muda mrefu baadaye, ilipatikana kwa dakika chache. Hata hivyo kila mteja ana haki ya kuulizwa kama anataka kazi yake ibaki au ifutwe, na hadi leo hawaulizi. Ulizeni ninyi.

Mirathi yetu ilikwisha kwa amani, nami nilipata nyumba ninayoishi. Ningeweza kuishia hapo, na mwanangu wa kwanza alitamani niishie hapo. Lakini pale kwenye stuli ya pembeni nilikuwa nimewaona wanawake wa umri wangu wakija mmoja mmoja na mifuko yao ya plastiki ya karatasi, kila mmoja akidhani balaa lake ni la kwake peke yake. Mmoja kutoka upande wa Igombe alikuwa akiitwa mchawi na watoto wa shemeji yake tangu alipokataa kuhama shambani. Tuhuma hiyo katika Kanda ya Ziwa si maneno ya hasira tu. Kwa miongo mingi mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Geita na Simiyu, pamoja na Tabora iliyo jirani, imeshuhudia bibi vizee wakiuawa kwa mapanga kwa sababu macho yao ni mekundu, macho yaliyochomwa na moshi wa kuni na wa samadi ya ng'ombe waliyopikia maisha yao yote, na mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba. Tulianza kukutana, kwanza barazani kwangu, kisha katika ukumbi wa kanisa jirani, Waislamu na Wakristo pamoja. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika siasa nikiwa na wajukuu, kwa maana kuiomba Serikali ibadilishe sheria ni siasa, na sioni sababu ya kuitafutia jina jepesi.

Kikundi chetu kinadai mambo mawili. La kwanza ni kufutwa kwa kanuni za mirathi za tangazo la 1963. Hatukuanza sisi: wajane wawili waliodhulumiwa chini ya mila za Kisukuma walilipeleka jambo hili Mahakama Kuu, ambayo mwaka 2006 ilikubali kwamba kanuni hizo zinabagua lakini ikakataa kuzibatilisha, Mahakama ya Rufani mwaka 2010 ikaitupa rufaa yao kwa kasoro ya kiutaratibu bila kuigusa hoja yenyewe, na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kuondoa Ubaguzi dhidi ya Wanawake ikaamua kwamba Tanzania, iliyoridhia mkataba wa kuondoa ubaguzi huo mwaka 1985, ilikuwa imezivunja haki zao. Madai yetu ya pili ni pensheni ya kila mzee, kama Zanzibar ilivyoanza kuwalipa wazee wenye umri wa miaka 70 na kuendelea mwaka 2016. Mwalimu mstaafu kama mimi ana pensheni yake. Mama aliyeanika dagaa juani miaka arobaini hana.

Madai ya namna hii hutembea kwa karatasi, na ndiyo maana duka la kuchapia si jambo dogo kwetu. Barua ya kwanza tuliyoiandikia halmashauri ilikuwa na kurasa saba, kwa sababu kila mama alitaka habari yake iwemo. Mchapaji aliichapa yote, kisha akatuuliza kwa adabu, "Mama zangu, mnataka huyu mkubwa afanye nini?" Tulinyamaza, tukatazamana, tukaipunguza hadi ukurasa mmoja wenye madai mawili juu na habari za akina mama zikiwa kiambatisho, bila majina yao. Alituwekea tarehe, kumbukumbu namba, nafasi ya muhuri wa mapokezi, na akatushauri tutoe nakala mbili ili moja igongwe muhuri irudi nasi. Orodha ya sahihi aliipangia safu ya dole gumba kwa wasiojua kuandika, pamoja na safu ya jina la aliyewasomea. Katika shule nilimofundisha tusingeipanga vizuri zaidi.

Tulipotaka bango la Siku ya Wazee Duniani, tarehe 1 Oktoba, duka jingine la mjini lilitukatalia lilipoona neno "tunadai". Walisema hawachapi mambo ya siasa, ingawa ukutani mwao kulikuwa na kalenda za wagombea. Mwenye duka wa Kirumba ana msimamo ulio wazi zaidi: huchapa andiko lolote lenye jina la wanaolisema, hakubali matusi wala uzushi juu ya mtu, na kwa shughuli ya kutembea barabarani huomba aone nakala ya barua iliyopokelewa polisi, kwa kuwa sheria inataka taarifa ya maandishi itolewe angalau saa 48 kabla. Baadhi ya wenzangu waliona anajilinda mno. Mimi ninamwelewa, duka ni lake, watoto wake wanasoma kwa duka hilo, na amefanya kazi ambayo wakubwa kuliko yeye waliiogopa. Bango lilikuwa la turubai jepesi, herufi nyeusi kubwa juu ya rangi ya njano, likasomeka kutoka upande wa pili wa barabara, na limeshahimili mvua mbili bila kuchuja.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Mwanangu wa kwanza, ambaye ni mtumishi wa umma, alinijia jioni moja akiwa ameshika nakala ya barua yetu, akaniambia, "Mama, umelea, umefundisha, umemzika baba. Pumzika sasa. Mambo haya waachie vijana." Nilimjibu kwamba vijana hawafukuzwi kwenye mashamba ya marehemu waume zao, na kwamba tangazo la 1963 limewasubiri vijana tangu kabla yeye hajazaliwa. Hatukuafikiana siku ile. Alichofanya baadaye ni kumtuma mjukuu wangu, aliye kidato cha pili, awe ananisindikiza Kirumba na kunibebea flashi, kwa hofu kwamba nitaangushwa na bodaboda pale njia ya Mwaloni. Mjukuu sasa anazijua fomu za mirathi kwa namba zake, na ndiye aliyeona kwamba kwenye orodha yetu ya sahihi mama mmoja aliandikwa mara mbili.

Kuna huduma nyingine ambayo ningependa itumiwe zaidi, nayo ni kuchapa wosia. Duka lina kiolezo safi, na mchapaji huuliza kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, kwa sababu idadi ya mashahidi hutegemea hilo: chini ya sheria za mila, wosia wa maandishi wa anayejua kusoma huhitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mwingine wa nje ya ukoo, na wa asiyejua huhitaji wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wa nje, wote wakiwa wanaojua kusoma na kuandika, wake walio nyumbani nao hushuhudia. Kiolezo hakitoshi kwa mwenye mali nyingi au wake wengi, ambaye anapaswa kumwona wakili, na nakala inaweza kuhifadhiwa RITA. Mume wangu hakuandika wosia. Aliona kuandika ni kujiitia kifo, kama wanaume wengi wa rika lake, na niliyoyapitia kikaoni yote yalitokana na ukurasa mmoja ambao hapo Kirumba ungechapwa kwa dakika ishirini.

Kuhusu bei, duka hili si la rahisi kuliko yote. Fotokopi ni shilingi 100 kwa ukurasa, wakati mjini kati, ukiwa na kazi nyingi, utapata kwa nusu yake. Kwa hiyo vitini vya wanafunzi na kazi za kurasa mia pelekeni huko. Kwa kuchapa wanatoza zaidi kidogo kuliko majirani, na ongezeko hilo ninalilipa kwa moyo mmoja, kwa kuwa ninalipia kusomewa. Wajane wanaokuja na karatasi za mirathi hupunguziwa, na mwenye duka hapendi litangazwe, ila nimeona wengi wakirudi nyumbani na karatasi zao bila kujua kwamba wangeweza kuuliza.

Umeme unapokatika kazi husimama, maana hawana jenereta, na betri waliyonayo hubeba kompyuta moja kwa muda mfupi tu. Kizingiti cha mlango kimepanda juu mno kwa mwenye magoti mabovu. Wenzangu wawili hushikwa mikono kuingia, na ngazi moja ya saruji ingemaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo. Viti ni vichache. Herufi wanazotumia kwenye ratiba za mazishi ni ndogo kupita kiasi, wakitaka kila kitu kitoshee kwenye karatasi moja iliyokunjwa, hivyo wazee, ambao ndio wasomaji wakubwa wa ratiba hizo, hushindwa kuzisoma bila miwani. Waambieni wawaongezee ukubwa, na watafanya hivyo bila kinyongo. Kijana wa picha amejirekebisha, lakini picha zake za pasipoti bado huzing'arisha, na mwenzangu mmoja alikataliwa picha ofisini kwa sababu hiyo.

Wanafungua saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, Jumamosi hadi saa nane mchana, na Jumapili hufunguliwa kwa ajili ya msiba tu, kwa namba ya simu iliyobandikwa mlangoni. Mwenye karatasi za mahakama aende Jumanne au Jumatano kabla ya saa nne, wakati wa utulivu, na abebe kila kitu hata anachodhani hakihusiki: kitambulisho, cheti cha ndoa, kibali cha mazishi au cheti cha kifo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati ya nyumba au ya kiwanja, na daftari la kikao cha ukoo. Bango liagizwe siku tatu kabla. Nakala ya tangazo la 1963 wanayo kwenye kompyuta, na wanaitoa kwa bei ya fotokopi.